Chokaa, Saruji na Kuta za Kusini: Kutoka Mikindani Hadi Kilwa

Usiku mmoja wa mvua kubwa ya mwezi Februari, ukuta wa upande wa bahari wa nyumba ya bibi yetu pale Mikindani uliporomoka. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa chumba kile kilikuwa hakilaliwi tangu bibi alipofariki, lakini asubuhi tulipofika kutoka Mtwara mjini tulikuta mawe ya matumbawe yametapakaa hadi barazani, na juu yake vipande vipana vya lipu ya saruji, vizima kama sinia, ilhali mawe yaliyokuwa nyuma ya lipu hiyo yamelegea na chokaa iliyoyashika imegeuka unga. Lipu hiyo tuliipiga sisi wenyewe miaka sita iliyopita. Fundi tuliyempa kazi alisema kwamba chokaa ni mambo ya kizamani na kwamba saruji ingeufanya ukuta uishi miaka mia moja; nasi tukamwamini, tukachanga fedha, tukafurahi kuona nyumba inang'aa.

Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya uashi enzi za ujana wake alikuja kutupa pole. Nilimwamkia, akaitika, akainama akaokota kipande cha jiwe, akakisugua kwa kidole gumba mpaka kikamwagika kama chumvi. "Jiwe la bahari hunywa maji, mjukuu wangu, kisha huyatema," alisema. "Ninyi mmeliziba mdomo."

Maelezo yake yalikuwa marefu kuliko hayo, na baadaye nimeyathibitisha kwa kuuliza na kusoma. Ukuta wa matumbawe na chokaa una vitundu vidogo visivyohesabika, na unyevu unaoingia kutoka ardhini au kwa mvua hutoka tena kupitia chokaa jua linapowaka. Saruji haiupitishi unyevu huo kwa kiasi kile. Maji hubaki ndani, chumvi iliyomo kwenye mawe huyeyuka kisha hukauka na kuwa punje zinazotanuka, na punje hizo huutafuna ukuta kwa ndani huku nje ukionekana mzima. Aidha, saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, hivyo nyumba inapotulia na kucheza kidogo, kinachopasuka si lipu bali jiwe.

Kauli ya mzee yule haikuniacha. Nilipopata likizo mwezi Juni, badala ya kwenda Dar es Salaam kama nilivyozoea, niliamua kufuata pwani yetu kutoka Mikindani hadi Kilwa, nikizitazama kuta tu: ipi imesimama, ipi imeanguka, na kwa nini.

Nilianzia nyumbani, maana kilicho mlangoni mwa mtu ndicho anachokiacha kukiona kwa kukizoea. Mikindani, mji ambao wenyeji husema jina lake limetokana na mikinda, yaani minazi michanga, uko kilomita 10 hivi kutoka Mtwara mjini, kwenye ghuba iliyotulia kama maji ya mtungi. Kabla ya Mtwara kuwa mji, bandari ilikuwa hapa. Pembe, mpira na watumwa vilipita hapa, na David Livingstone alishukia kwenye ghuba hii mwezi Machi mwaka 1866 alipoanza safari yake ya mwisho ya kwenda bara. Mambo yaligeuka baada ya mwaka 1947, Waingereza walipoanzisha mpango wao mkubwa wa kilimo cha karanga: walihitaji bandari ya kina kirefu, wakaichagua Mtwara, wakatandika na reli kuelekea Nachingwea. Mpango ule ulishindwa baada ya miaka michache na reli yenyewe iling'olewa miaka ya 1960, lakini bandari ilibaki, na biashara ikahama nayo. Naamini kuhama huko ndiko kulikoziokoa nyumba za Mikindani kwa muda mrefu, kwa sababu mji usio na fedha za kujenga majengo mapya hauna pia sababu ya kubomoa ya zamani.

Sasa zinaanguka zenyewe. Nilihesabu mtaa mmoja tu, ule unaopanda kutoka barabara kuu, nikakuta katika kila nyumba tatu za mawe mojawapo haina paa. Niliona milango ya kuchonga iliyobaki kwenye fremu yake ikiwa imefungwa kwa kufuli, na nyuma ya mlango hakuna nyumba, kuna mpapai. Hali ni hiyo hiyo kila mahali: bati moja hung'oka au kuti huoza, mvua hufikia boriti, boriti huoza mwisho wake uliozama ukutani, dari huanguka, na kuanzia hapo ukuta hunyeshewa kichwani, mahali ambapo haukujengwa kunyeshewa. Miaka mitano au sita inatosha.

Juu ya mtaa huo, mlimani, lipo Boma la zamani ambalo Wajerumani walilijenga mwaka 1895, jeupe, lenye mnara unaoiona ghuba yote. Nilipokuwa mtoto lilikuwa gofu tulilokatazwa kucheza ndani yake. Baadaye shirika la hisani la Uingereza liitwalo Trade Aid lililikarabati likawa hoteli. Najua wapo wanaouliza kwa nini jengo la mtawala wa kikoloni ndilo lililopata bahati hiyo wakati nyumba za wenyeji zinaanguka hatua chache chini yake, na swali hilo naliona ni la haki kabisa. Hata hivyo nilipozunguka veranda zake nilielewa jambo moja ambalo siku zote nililipita: jengo linalolaliwa na watu kila siku haliwezi kuvuja kwa miezi bila mtu kujua. Chumba cha bibi kilivuja misimu mingapi tukiwa Mtwara mjini, hakuna ajuaye.

Lindi nilikaa nusu siku tu. Nilitembea kando ya bahari nikitazama upande wa Kitunda, nikaona mabaki ya majengo ya Wajerumani yaliyobaki kuta bila mapaa, mengine yameotwa na mizizi ya miti inayoshika mawe kama vidole. Nilipokuwa bandarini nilikumbuka pia kwamba mizigo ya mifupa ya dainosaria wa Tendaguru ilipitia hapa kati ya mwaka 1909 na 1913, ikibebwa vichwani na mabegani na wapagazi kwa mwendo wa siku kadhaa kutoka machimboni, kisha ikapakiwa melini kwenda Berlin, ambako mmoja wao mkubwa amesimamishwa makumbushoni hadi leo. Mjini Lindi kwenyewe, sikuona hata kibao cha kumweleza mgeni habari hiyo. Liliniuma, lakini hilo ni jambo la kuandikiwa siku yake.

Kutoka Lindi gari hufuata barabara ya Dar es Salaam hadi Nangurukuru, ambapo wa Kilwa hushuka au kugeuka kuelekea pwani. Nilipita kwanza Kilwa Kivinje. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa mwisho wa njia kuu ya watumwa iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa, na utajiri wa nyumba zake za ghorofa haukuwa na chanzo kingine kikubwa kuliko hicho. Nilijilazimisha kulikumbuka kila niliposimama kusifu uzuri wa mlango. Baadaye ulikuwa makao ya utawala wa Wajerumani katika wilaya hii, na hapa ndipo Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga kwa silaha, alinyongwa mwaka 1895 pamoja na wenzake. Mahali pale wenyeji hupaita Mwembe Kinyonga. Miaka kumi baadaye, mwaka 1905, moto wa Maji Maji ukawaka katika vilima vya Matumbi, si mbali na hapa.

Boma la Kivinje limesimama mbele ya bahari, na limechoka. Si boma la Mikindani hili: hakuna aliyelilipia. Nyuma yake, kwenye mtaa wa nyumba za wafanyabiashara wa zamani, nilimkuta mama mmoja akikaanga mihogo barazani, chini ya ghorofa ambayo nusu yake ilikuwa imekwisha. Nilimsalimia na kumuuliza kama haogopi kukaa chini ya ukuta ule. Akanijibu kwamba upande anaokaa yeye hauna tatizo, kwa kuwa kila baada ya mvua mwanawe hupanda kuziba nyufa, na kwamba upande ulioanguka ni wa ndugu waliohamia mjini na ambao hawaelewani juu ya urithi. Nilinyamaza. Ilikuwa kana kwamba ananisimulia habari za nyumba yetu.

Siku iliyofuata, baada ya kulipia kibali na kukabidhiwa kwa kijana mwongozaji, nilivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani. Mlango wa bahari ni mwembamba. Upepo ukiwa mzuri ni mwendo mfupi sana, na Gereza huanza kuonekana kabla hujakaa vizuri. Ngome hiyo, kama inavyoonekana leo, ni kazi ya Waomani, lakini chini yake yamo mabaki ya ngome ya Wareno, waliouvamia na kuupora mji mwaka 1505 chini ya Francisco de Almeida, miaka mitatu baada ya Vasco da Gama kufika na kumlazimisha mtawala wake alipe kodi ya dhahabu. Upande wake wa baharini umekwishaliwa na mawimbi, na mawe yake yamelala majini hatua chache kutoka mahali yalipokuwa ukuta.

Ni lazima niseme wazi kwamba nilikuwa sijawahi kufika. Mtu amezaliwa Mikindani, amesoma shule Mtwara, amekariri kwa ajili ya mtihani kwamba Kilwa ilitawala biashara ya dhahabu ya Sofala, bandari iliyo katika Msumbiji ya leo, na kwamba ilipiga sarafu zake yenyewe, na hajawahi kukanyaga kisiwa kile hadi nywele zimeanza mvi. Tumezoea kulaumu barabara, na kweli kabla ya Daraja la Mkapa kukamilika kwenye Mto Rufiji mwaka 2003 kusini yetu ilikuwa kama kisiwa kingine. Lakini mimi natokea kusini humu humu, sikuwa na mto wa kuvuka.

Msikiti Mkuu ndio ulionishika kuliko vyote. Sehemu ya kaskazini, ya zamani zaidi, ina asili ya karne ya 11, na ilikuwa na paa la bapa lililobebwa na nguzo. Paa la namna hiyo hutegemea boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haina urefu wa kuvuka nafasi kubwa. Ndiyo maana vyumba vingi vya nyumba za zamani za pwani yetu ni virefu na vyembamba, chumba cha bibi kikiwa kimojawapo. Mwanzoni mwa karne ya 14, Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliongeza upande wa kusini, mkubwa mara kadhaa kuliko ule wa kwanza, na waashi wake wakaacha boriti wakatumia matao na kuba. Simama katikati ya nguzo zile asubuhi, mwanga ukiingia kwa pembeni, tao likifuata tao, uone jinsi mawe yale yale ya matumbawe tunayoyadharau nyumbani yalivyoinuliwa yakajishika yenyewe hewani.

Kijana mwongozaji aliniambia jambo ambalo lilibadilisha safari yangu yote. Upande ule wa kuba haukusimama moja kwa moja tangu ulipojengwa: uliporomoka, na katika karne ya 15 watu wa Kilwa wakaujenga upya. Nilimwomba arudie. Miaka yote nilidhani kwamba majengo haya yamedumu kwa sababu wazee walijua siri fulani ya kujenga kitu kisichoanguka, kumbe hata wao yaliwaangukia, wakachoma chokaa nyingine, wakaanza tena.

Nilimuuliza maswali mengi ya kiufundi, naye alinivumilia. Alinionyesha mawe ya aina mbili. Moja ni jiwe gumu la nchi kavu, lenye mashimo, ambalo ndilo lililojaza kuta. Jingine ni tumbawe laini linalokatwa likiwa bado na maji ya bahari, hali ambayo huruhusu kulichonga kwa urahisi, kisha hukauka na kuwa gumu, na hilo ndilo lililotumika kwenye fremu za milango, mihrabu na mahali panapotaka ncha safi. Kwenye msikiti mdogo wa kuba, alininyoshea kidole juu nikaona mahali palipopachikwa mabakuli ya kung'aa yaliyotoka ng'ambo ya bahari, yakiwa pambo la dari. Sikutarajia kuguswa na bakuli. Nilifikiri juu ya mtu aliyepanda jukwaani na bakuli la thamani mkononi, akalikandika kwenye chokaa mbichi mahali ambapo hakuna atakayekula ndani yake tena.

Tulitembea kwa muda hadi Husuni Kubwa, kasri la sultani yuleyule, lililojengwa juu ya genge linalotazama bahari. Lina vyumba zaidi ya mia moja, nyua, ngazi za kushukia majini na birika la kuogea lenye pembe nane, na bado wachimbaji wa mambo ya kale wanasema halikumalizika wala halikukaliwa kwa muda mrefu. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri kuliko yote, na akamtaja sultani wake kwa jina la sifa la Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Jambo la ajabu ni kwamba majengo aliyoyasifu aliyaeleza kuwa ya miti. Huenda alikuwa akitazama nyumba za watu, wala si msikiti na kasri. Na nyumba hizo za watu, zilizokuwa mji wenyewe hasa, hazikutuachia ukuta hata mmoja wa kugusa.

Watu bado wanaishi Kilwa Kisiwani. Kati ya gofu na gofu kuna nyumba za udongo, kuna mbuzi, kuna watoto wanaotoka shule. Magofu ya Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya miaka mingi ya kushikiza kuta na kupunguza nguvu ya mawimbi. Songo Mnara sikufika, kwa kuwa upepo wa kusi ulikuwa umechafuka na nahodha alikataa, na nahodha akikataa mtu mwenye akili habishani naye. Lakini kuhusu Kisiwani, nilichokiona ni kwamba nyufa zilizozibwa vizuri huzioni mpaka uonyeshwe. Zimezibwa kwa chokaa.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa mjomba, kwa kuwa kwetu neno la mwisho juu ya nyumba ya bibi ni lake. Mjomba alikuwa tayari ameagiza matofali ya saruji. Nilimweleza yote, kuanzia jiwe lililozibwa mdomo hadi kuba zilizoanguka zikajengwa upya, naye akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: "Na hiyo chokaa, mjomba, utaichoma kwa mawe gani na kuni gani?"

Swali lake lilikuwa zito. Katika ghuba yetu ya Mikindani, chokaa ya miaka ya nyuma ilichomwa kwa matumbawe hai yaliyong'olewa baharini, na kuni zake mara nyingi zilikuwa mikoko. Babu yangu mwenyewe alilisha watoto wake kwa kazi hiyo. Tunajua sasa gharama yake, kwa kuwa tumbawe likishang'olewa samaki huondoka, na mkoko ukikatwa ufuko huliwa. Siwezi kuokoa ukuta wa nyumba kwa kubomoa mwamba wa bahari. Nilirudi kwa mzee mwashi, naye akasema kwamba jiwe la nchi kavu hutoa chokaa vilevile, linachelewa tu kuiva na linataka moto mkubwa zaidi, na kwamba kuni za minazi iliyozeeka na mikorosho iliyokatwa zinafaa. Mawe ya kujengea hatuhitaji kuyatafuta: yaliyoanguka yanatosha, yasuguliwe tu yatoke saruji.

Mjomba hakukubali siku hiyo. Alikubali wiki ya tatu, kwa sharti kwamba matofali yake yatumike kujenga choo cha nje, na kwamba paa litengenezwe kabla ya ukuta. Hoja hiyo ya paa ni yake mwenyewe, na ni sahihi kuliko zote nilizompelekea. Mwezi Agosti tulipanga tanuri nyuma ya nyumba, duara la magogo na mawe juu yake, tukalitia moto jioni upepo ulipopungua. Liliwaka usiku kucha. Vijana wa mtaa walikuja kutazama, na mzee mwashi aliketi kwenye kiti akiwaelekeza mahali pa kuongeza kuni, akiwafokea kila walipokosea. Mawe yalipopoa tuliyamwagia maji, yakachemka na kupasuka, tukayaingiza shimoni, tukafunika kwa makuti.

Chokaa inalala humo hadi leo, nyeupe na laini kama siagi ukiichota kwa mwiko. Mzee amekataza mtu yeyote kuigusa kabla ya mvua kupita. Bati za paa zimekwishapigwa, na chumbani kwa bibi, upande ambao ukuta bado haupo, binamu yangu ametundika turubai na kuweka kitanda, kwa sababu tumekubaliana kwamba kuanzia sasa chumba kile lazima kilaliwe.